SOMO: Kufungua na kuonja Barolo ya zamani, mvinyo mwekundu wa Italia (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Swali ni lile lile kila mara: "Barolo yangu imepauka, pembeni ina kahawia, imeharibika?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena naleta watu hapa.

Barolo hutoka vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Ni zabibu za Nebbiolo peke yake. Kisheria haiingii sokoni kabla ya miezi 38 kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo ikae ndani ya mapipa ya mbao. Riserva, yaani ile inayokaa zaidi, ni miezi 62. Hapo ndipo inaanza safari tu.

1. Isimamishe chupa siku mbili kabla.

2. Inywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18. "Joto la chumba" wanaloandika ni la nyumba za Ulaya, si la sebule ya Dar. Tumia friji, chupa ikiwa wima.

3. Kizibo cha zamani hukatika. Vuta polepole.

4. Kumimina. Hapa ndipo chupa nyingi nzuri hufia, kwa hiyo tulia. Kwa miaka mingi tanini (kile kinachokaza mdomo) na rangi zimeshikana zikashuka chini kuwa mashapo, na mashapo ni machungu. Washa tochi nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiositasita. Ukisimama katikati na kuiinua chupa, yote yanatibuka na huna la kufanya. Uzi mweusi wa mashapo ukifika begani mwa chupa, acha, hata kama inakuuma kubakiza. Na tafadhali: usiiache wazi saa nyingi kwa sababu uliambiwa "mvinyo upumue". Barolo changa huvumilia saa tatu. Ya miaka 30 harufu yake inaweza kukuaga kabla chakula hakijaiva. Onja kwanza, ndipo uamue.

5. Tazama, nusa, onja. Nebbiolo ina rangi nyepesi tangu ujana. Ikizeeka, ukingo huwa wa tofali. Puani utakuta lami, waridi lililokauka, ngozi, tumbaku, uyoga. Mdomoni ni kavu kabisa: utamu unaounusa haufiki ulimini. Uchachu bado upo. Ule ukakasi wa bibo uliokuwa nao ujanani umelainika, ila haujaisha.

MASWALI

— Mkuu, yangu pembeni kama tofali. Nirudishe dukani?
Hatua ya 5.

— Naruhusiwa kuchanganya na soda?
Chupa ni yako. Kwa soda, nunua mvinyo wa bei ndogo.

— Umesema ya zamani ni nzuri, nami yangu imekaa kabatini jikoni Mombasa miaka minane, inanuka matunda yaliyopikwa!
Sikusema ya zamani iliyokaa popote pale. Joto la jikoni huipika. Inataka giza na nyuzi 12 hadi 14, ikiwa imelazwa.

— Shikamoo mwalimu. Kwa nini nyingine hulainika mapema?
Marahaba, swali zuri sana. Udongo una sehemu kubwa. Za kijiji cha Serralunga d'Alba huwa ngumu na huomba miaka mingi; za kijiji cha La Morra huwa laini na zenye manukato mapema. Halafu pipa: wazalishaji wa kimapokeo hutumia mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia (huko Kroatia), ambayo hayatii harufu ya mbao na hupitisha hewa kidogo kidogo. Wengine hutumia madogo ya Kifaransa, nayo huleta vanila. Ukiweza, onja mbili za mwaka mmoja, moja kila kijiji, utaelewa kuliko maelezo yangu.

— Nile na nini?
Wenyewe hula nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo, au tambi na uyoga mweupe wa Alba unaochimbwa ardhini. Mbuzi wa mchuzi mzito anafaa. Pilipili weka mbali, hukaza ukakasi.

— Kwa hiyo iliyoharibika kweli naijuaje?
Inanuka siki, au boksi lililolowa. Hiyo ya boksi ni ugonjwa wa kizibo, hata chupa changa huupata. Hiyo ndiyo ya kurudisha.