Slaimu ya nyumbani: mambo ya kuweka sawa kabla mtoto hajaingiza mikono

Likizo ya mwezi wa 6 huku Mbeya huja na baridi yake. Watoto wanashinda ndani, simu ya mama inazunguka kila mkono, na ikifika saa nne asubuhi ombi limeshafika: tutengeneze slaimu, ule utelezi mzito wa kuchezea kwa mikono. Ombi halina ubaya. Tabu ni kwamba video nyingi zimerekodiwa Marekani, kwenye nyumba ambazo boraksi, pauda ya kusaidia kufulia, inakaa kabatini pamoja na sabuni. Mtu wa Mwanjelwa au wa Kihesa kule Iringa akizifuata, anaanza kubadilisha vitu: boraksi hakuna, basi tia hii pauda, gundi ile hakuna, basi tia hii ya fundi viatu. Hapo ndipo slaimu inapoharibika, na mara nyingine ndipo hatari inapoingia. Kwa hiyo, kabla ya bakuli kutoka, amua unatengeneza slaimu ipi kulingana na kile unachoweza kukipata kweli.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya gundi, ile inayovutika kama mlenda. Gundi nyeupe ya maji imejaa molekuli ndefu sana, na boreti, iliyomo kwenye boraksi na kwenye asidi ya boriki, huzishikanisha hapa na pale. Mishikano yenyewe ni milegevu. Inaachia na kushika tena. Ndiyo maana slaimu ukiivuta taratibu inarefuka, ukiivuta kwa ghafla inakatika. Ya pili ni ya wanga na maji. Hiyo haivutiki, ila ina vituko vyake: ukiipiga ngumi inakuwa ngumu, ukiilaza kiganjani inatiririka na kumwagika katikati ya vidole. Na asikuambie mtu kwamba bila gundi hiyo si slaimu. Ile ya kampuni ya Mattel, iliyouzwa kama mchezo wa watoto mwaka 1976, haikuwa na gundi. Ilitumia unga wa mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde, pamoja na boraksi.

Ukichagua ya gundi, nenda duka la vifaa vya ujenzi kabla ya duka la madaftari. Mikoa hii ni ya mbao. Kuanzia Mafinga na msitu wa Sao Hill hadi karakana za mitaani mjini, gundi nyeupe ya seremala haikosekani, na kwa ujazo uleule huwa nafuu kuliko vichupa vya shule. Muuzaji akikuuliza, "Ya mbao au ya viatu, mama?", jibu ni ya mbao. Gundi ya viatu, ile ya njano yenye harufu kali, ina viyeyusho ambavyo mvuke wake unadhuru ubongo, na hata hivyo haigandi kuwa slaimu. Za mbao zilizoandikwa kwamba zinastahimili maji nazo ziache, kwa sababu huongezewa kemikali nyingine. Gundi ya seremala ni nzito, hivyo ipunguze kwa maji ya uvuguvugu, kiasi kinacholingana na gundi yenyewe, ukoroge mpaka mabonge yaishe.

Kinachogandisha ndicho cha kukaa nacho macho. Asidi ya boriki inauzwa pia kama dawa ya mende, na mzazi aliyesoma jina hilo kwenye video anaweza kudhani amepata njia rahisi. Hapana. Pakiti ya dawa ya wadudu inaweza kuwa na sumu nyingine ndani yake, na hakuna kipimo cha kumpa mtoto aikande kwa mikono mitupu. Hata boreti ikiwa safi, si kitu cha kuchezea ovyo: mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Kanada iliwashauri wazazi waache kutumia asidi ya boriki kwenye michezo ya kutengeneza nyumbani, na Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 300 za boroni, elementi iliyomo kwenye boreti, kwa kilo kwa michezo ya watoto iliyo ya majimaji au ya kunata. Sababu ni kwamba ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa na mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito hapaswi kuwa ndiye anayekoroga.

Njia iliyo laini zaidi ni maji ya kusafishia lenzi za macho, ambayo maduka ya miwani na baadhi ya famasi huwa nayo. Kabla ya kulipa geuza chupa usome maandishi madogo: lazima uone boric acid au sodium borate. Yasipokuwepo hayo, umenunua maji ya chumvi. Kwa nusu kikombe cha gundi weka nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, koroga, kisha ongeza maji hayo kijiko kimoja cha mezani, na baada ya hapo matone machache machache mpaka mchanganyiko uache kushika bakuli. Bekingi soda inahitajika kwa sababu asidi ya boriki haigeuki kuwa boreti ya kutosha mpaka uchachu upungue. Bekingi pauda haifai, kwa kuwa ndani yake kuna asidi. Magadi ya kulainishia maharage nayo usiyaguse, ni makali mno kwa ngozi ya mtoto. Ukizidisha maji ya lenzi slaimu itakatikakatika, na hapo tone la losheni na dakika chache za kukanda husaidia.

Zile video za shampuu na chumvi, au dawa ya meno na sukari, zipite tu. Chumvi huifanya shampuu iwe nzito, ni kweli, lakini haivutiki, na umeshapoteza shampuu. Sabuni ya maji tunayonunua kwenye chupa za soda mitaani nayo kwa kawaida haina boreti, hata uikoroge mpaka jioni.

Mimi, kwa mtoto aliye chini ya miaka sita au kwa nyumba inayojaribu mara ya kwanza, ningeanza na wanga. Vipimo ni vikombe viwili vya wanga kwa kimoja cha maji, na maji yaingie kidogo kidogo. Hapa kuna kosa moja ambalo nyanda za juu tunalifanya kwa urahisi, kwa sababu mahindi tunayo: sembe si wanga wa mahindi. Sembe ni punje iliyosagwa pamoja na protini yake na mafuta kidogo, chembe zake ni kubwa na hazilingani. Ukiichanganya na maji baridi unapata unga uliolowa, basi. Unachotaka ni konflawa, ile ya kuwekea supu na kastadi. Namna ya kuitambua ni kuisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada: inateleza, kisha ukibana inatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Sembe haitoi mlio huo.

Konflawa ikiwa ghali au haipo, tuna viazi. Viazi mviringo vya Umalila, Njombe au Makete vina wanga wa kutosha, takriban asilimia 15 ya uzito wake, na wanga huo unafanya kituko kilekile. Lakini kazi hii ianze siku moja kabla, ndiyo maana naiweka hapa kwenye maandalizi. Osha kama kilo tatu, usihangaike kumenya, kwaruza kwenye kwaruzio la karoti. Tia kwenye beseni, mwagia maji, vuruga kwa mkono kwa dakika tano hivi. Chuja kwa kitambaa, ukamue. Maji yanayotoka yana rangi ya udongo na povu, na mtu asiyejua angeyamwaga. Usiyamwage. Yaache dakika kumi bila kuyatikisa, kisha inamisha beseni polepole: maji ya kahawia yanaondoka, na chini kimebaki kitu cheupe kilichoganda kwenye plastiki, kigumu hata ukigonga na kucha, lakini kidole ukikizamisha taratibu kinaingia. Rudia kwa maji safi mara mbili ili weupe utoke vizuri. Hiyo tayari ni slaimu, na watoto wengi huifurahia kuliko ya gundi kwa kuwa wameiona ikitoka kwenye kiazi. Ukitaka kuitunza, ianike ikauke iwe unga, utaongeza maji siku nyingine. Makapi kaanga na kitunguu, au mpe nguruwe.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe ni zaidi, kwa hiyo gundi iliyolala stoo asubuhi inatoka nzito na slaimu yake inakuwa ngumu, inakatika. Watu wengi hapo wanadhani wamekosea vipimo na kuongeza maji. Loweka kwanza kopo la gundi kwenye beseni la maji ya moto kidogo, ufanye kazi hiyo saa sita au saa saba mchana, nje, juani. Kuhamishia mchezo sebuleni kwenye jiko la mkaa huku milango imefungwa, hapana kabisa. Hewa ya mkaa inaua kimyakimya na haina harufu ya kukushtua.

Baridi hiyohiyo inaleta jambo dogo ambalo video hizo hazilisemi: sweta. Mikono ya sweta la shule ndiyo inayoingia bakulini kabla ya vidole, na slaimu ya gundi ikishaingia kwenye nyuzi za sufu haitoki kwa kusugua. Avue, avae fulana kuukuu, mikono ikunjwe juu ya kiwiko, nywele zifungwe nyuma. Iwapo imeshaingia, mimina siki nyeupe, subiri dakika chache, kisha suuza kwa maji ya vuguvugu. Asidi inaachanisha ile mishikano na gundi inarudi kuwa majimaji. Kwenye nywele tumia mafuta ya kupikia na kitana chenye meno mapana, wala usikimbilie mkasi.

Vyombo viwe vya kazi hiyo tu: bakuli la zamani, kijiko ambacho hakitarudi jikoni, na meza iliyofunikwa kwa mfuko wa sandarusi. Mtoto mwenye kidonda au ukurutu mikononi asubiri apone, na walio chini ya miaka mitatu wapewe wanga wa viazi peke yake, huku mtu mzima ameketi nao. Dada wa kazi aambiwe mapema kopo lipi ni slaimu, kwa maana kopo la majarini lililojaa kitu cheupe kwenye kabati la jikoni litafunguliwa na mtu mwenye njaa. Mtoto akiimeza ile ya gundi, msuuze mdomo, usimlazimishe kutapika, na umpeleke kituo cha afya ukiwa na chupa ya ulichochanganyia.

Ya gundi ikifungwa vizuri kwenye kopo hukaa wiki moja hadi mbili. Ya wanga yenye maji, hata kwa baridi yetu, siku ya tatu huanza kunuka. Zote mbili zisiende kwenye sinki wala choo cha kuvuta. Wanga hutuama kwenye bomba na kuziba, gundi nayo hushika kila kinachopita. Ya wanga mwaga shambani, ya gundi iache ikauke juu ya gazeti ndipo uitupe na taka, na maji ya kuoshea bakuli yamwagwe nje, mbali na kisima.