Nyumba ya mawe ya Shangani iwe ubalozi mdogo na makazi

Usianze na ramani ya ofisi. Ngoja masika, panda hadi chini ya bati, uangalie maji yanapita wapi. Kwa miaka niliyofanya ufundi Mji Mkongwe wa Zanzibar, karibu kila ukuta niliouona umepasuka ulianzia kwenye mfereji mbovu ulioilowesha ncha ya boriti mle ukutani. Ichokoe kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye boflo, yaani mkate, boriti hiyo itoke.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla hujagusa dirisha. Mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, bendera ya mteja haibadilishi hilo.

Saruji iache dukani. Niliitwa nyumba moja iliyopigwa plasta ya saruji. Mwaka haujaisha ikabanduka mapande mapande, nyuma yake chumvi nyeupe tupu. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kisha huyatoa, saruji huyafungia ndani. Roweka chokaa wiki kadhaa mpaka iwe laini kama samli iliyoganda, uipake tabaka nyembamba, kila moja ukiinyunyizia maji jua lisiikaushe upesi. Mteja atanung'unika kwa kuchelewa. Mwache.

Sasa gawa. Chini kazi, juu familia. Waingereza walikuwa na ubalozi wao mdogo hapa hapa Shangani, 1841 hadi 1874, kwa hiyo si jambo geni. Ila siku hizi kuna Mkataba wa Vienna wa 1963: kinga ya ubalozi mdogo inashika sehemu inayotumika kwa kazi zake peke yake, si chumba cha kulala cha konseli, mkuu wa ubalozi huo. Basi weka ukuta wa kweli, ngazi mbili, milango miwili. Mlango wa kuchonga waachie wenye paspoti, familia ipitie uani. Foleni ikae barazani, kivuli kipo tayari.

Sefu ya nyaraka isipande ghorofani hata wakibembeleza. Vyumba ni vyembamba, takriban mita 3, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliovipima, na boriti hazikupimiwa uzito wa chuma. Maji ya eyakondishen yatoke kwa bomba mpaka chini, yasichuruzike ukutani.

Jiko lipeleke juu kabisa, kama walivyofanya wenyewe wa zamani, moshi wa samaki wa kukaanga usiwashukie wanaongoja viza.