Kusajili sura ya mtu kama alama ya biashara

Picha ya bibi kwenye pakiti ya viungo, au ya msichana kwenye kopo la mafuta ya nywele, inaweza kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kama alama ya biashara. Kabla hujamlipa mchoraji, pata ridhaa ya maandishi ya mwenye sura.

Karatasi hiyo iwe na jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Ibandike picha yenyewe juu yake, kisha mhusika asaini nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi, asije akasema alikubali picha nyingine. Andika wazi kwamba anakubali sura yake itumike na pia isajiliwe. Wengi huandika “kutumika kwenye matangazo” na kuishia hapo. Marekani, ambako sheria ya 1946 inakataza kusajili jina, picha au saini ya mtu aliye hai bila ridhaa yake ya maandishi, ridhaa ya kutumia peke yake haitoshi. Taja pia bidhaa, nchi, malipo, na kwamba ridhaa itadumu usajili unapohuishwa au biashara inapouzwa. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Kwa marehemu, zungumza na msimamizi wa mirathi, hata kama ni bibi yako mwenyewe: wajukuu wengine nao wana sauti.

Mpiga picha ni habari nyingine. Hakimiliki kwa kawaida ni yake, na mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye picha yake bado unaigusa. Akuhamishie hakimiliki hiyo kwa maandishi.

Mchoro uwe wa mistari michache. Uchapishe kwa upana wa sentimita 2. Macho yakigeuka madoa ya wino, rudisha kwa mchoraji. Kama wateja dukani husema “nipe ile ya bibi”, sajili sura peke yake bila maneno, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoitambua. Jina la bidhaa liombewe kivyake.

Tafuta kwanza kama kuna alama inayofanana, kisha chagua daraja, yaani namba ya kundi la bidhaa zako: viungo 30, sabuni na vipodozi 3, nguo 25. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na wapinzani wana siku 60 za kuweka pingamizi; hapo ndipo karatasi yako ya ridhaa itakapohitajika. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Haufiki Zanzibar, huko unaomba upya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.