Namna ya Kuomba Kazi ya Utafiti wa Baada ya Uzamivu katika Uundaji wa Modeli

Tangazo la chuo kikuu linalomtaka mtafiti mwenye shahada ya uzamivu aje kuunda modeli, yaani maelezo ya kihesabu ya jinsi jambo linavyotokea, kwa ajili ya fani mbalimbali huwa na maneno mapana, na waombaji wengi huyajibu kwa barua pana vilevile, isiyomwambia msomaji lolote. Kabla ya kuandika, soma machapisho mawili au matatu ya karibuni ya kiongozi wa mradi, ukitafuta swali linalomsumbua na aina ya hesabu anayoitegemea, iwe milinganyo ya kalkulasi, takwimu za Bayes (zinazorekebisha makadirio kadiri data mpya zinavyopatikana) au uigaji wa kompyuta.

Kiini cha maombi ni kuonyesha kwamba unaweza kuihamisha modeli kutoka fani moja hadi nyingine na kwamba unajua ni wapi haitafaa. Chukua modeli ya maambukizi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, inayowagawa watu kuwa wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza na wasioambukiza tena. Mtu hushawishika kuitumia kuelezea uvumi, lakini mgonjwa hupona bila kujali anakutana na nani, ilhali msambazaji wa uvumi huacha kuusimulia anapokuta kila amwambiaye keshausikia. Kwa sababu hiyo, modeli ya uvumi ya Daley na Kendall ya mwaka 1964 iliufanya mkutano wenyewe kuwa chanzo cha kunyamaza. Tafuta tofauti ya namna hiyo katika kazi yako mwenyewe, kisha ieleze kwa aya moja.

Sentensi kama "nina uzoefu mkubwa wa modeli" haina uzito. Afadhali uandike hivi: "Modeli yangu ya ugonjwa wa mimea niliipima kwa data ambazo sikuzitumia kukadiria vigezo, nayo ikakosea kilele cha msimu wa pili kwa kuwa ilichukulia kwamba mimea imetawanyika sawasawa." Wengine huogopa kutaja kosa, mimi naona kosa lililoelezwa sababu yake ndilo linalomtambulisha mtu anayeielewa kazi yake.

Programu ulizoandika ziambatane na maelezo, na uziendeshe kwanza kwenye kompyuta isiyo yako, kwani hapo ndipo faili lililosahaulika hugundulika. Miongoni mwa wadhamini wako, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, mmoja awe mtu wa fani nyingine uliyewahi kushirikiana naye.

Kwenye usaili, jizoeze kuieleza modeli kwa mwanabiolojia au mwanauchumi bila kuandika mlinganyo hata mmoja. Zamu yako ya kuuliza ikifika, usiishie kwenye mshahara na muda wa mkataba, ambao mara nyingi ni kati ya mwaka 1 na 3. Uliza data ziko mikononi mwa nani na zitapatikana lini, nani atakusimamia ikiwa mradi ni wa idara mbili, na majina ya waandishi hupangwaje, maana desturi ya wanahisabati ya kufuata alfabeti si ya wanabiolojia, ambao kwao jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi.