Kufundisha kuja kwa mapadri Unguja: hatua ninazozifuata darasani

Muhula uliopita mwalimu wa mazoezi kutoka Wete alinifuata chumba cha walimu, andalio la somo mkononi. Kapangiwa mada ya wamisionari, Kidato cha Tatu, wanafunzi karibu wote Waislamu. Hofu yake ilikuwa moja: "Mwalimu, wakiniuliza kwa nini nawasomesha dini ya watu, niwajibu nini?" Tulikaa mpaka alasiri. Niliyomwelekeza ni haya.

Hatua ya 1: Anza na neno

Andika "gereza" ubaoni, uulize maana yake. Wote watasema jela. Kisha waambie kwamba asili yake ni *igreja*, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walikuwa na kanisa pale Forodhani. Waomani walipowatoa mwishoni mwa karne ya 17 wakajenga Ngome Kongwe mahali hapo hapo, na baadaye ngome hiyo ikatumika kama jela. Ongeza "padri", "meza" na "mvinyo", yote ya Kireno, halafu "kanisa", "msalaba" na "Injili", yaliyotufikia kwa Kiarabu. Hapo darasa linajua kwamba habari hii inawahusu, maana wameizungumza tangu utotoni.

Hatua ya 2: Miaka

Inatosha hii, na maana ya kila mmoja itakuja katika hatua zinazofuata: 1860, 1863, 1868, 1873, 1897. Iandike pembeni mwa ubao na usiifute mpaka mada iishe.

Hatua ya 3: Tenganisha Wakatoliki na Waanglikana

Wanafunzi huchanganya Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, na kanisa la Waanglikana la Mkunazini, na vitini vingine vinachanganya pia. Mimi natumia manila za rangi mbili. Projekta siitaki, umeme ukikatika somo limekufa. Manila ya njano ni ya Wakatoliki: Padri Armand Fava na wenzake, wakiwemo masista, walifika kutoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa, Disemba 1860, wakati wa Sultani Majid. Walianza na hospitali na karakana. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, Padri Antoine Horner akafika 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Manila ya buluu ni ya Waanglikana: walifika Unguja 1864, na kanisa lao la Mkunazini lilianza kujengwa 1873 kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo.

Wakumbushe kwamba mapadri walifungua milango yao katika mji wa Sultani Mwislamu, kwa ridhaa yake. Mapadri hao walikuwa Wafaransa, na Ufaransa ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said, baba yake Majid, tangu 1844.

Hatua ya 4: Watoto waliokombolewa

Hapa usiende mbio. Mwaka wa kwanza niliuliza, "Wamisionari walikuwa wema au wabaya?" Vipindi vinne vilipotea. Darasa likageuka mjadala wa dini, wanafunzi wawili hawakusemeshana wiki nzima, na mzazi mmoja alikuja skuli kuniuliza nia yangu. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani swali langu lilikuwa limeshawagawa wanafunzi kabla hawajasoma chochote.

Mapadri walinunua watoto katika soko la Unguja, wakawalea misheni, wakawabatiza na kuwafundisha ufundi. Wao waliita kukomboa. Weka maneno mawili ubaoni, "kununua" na "kukomboa", na uulize: fedha iliingia mfuko wa nani? Mtoto mwenyewe aliulizwa? Angebaki sokoni, angeishia wapi? Usiwaharakishe. Wakinyamaza, na wewe nyamaza.

Ukiwasomea maelezo ya mapadri, waulize kwanza barua iliandikwa kwa nani. Nyingi zilikwenda Ulaya kwa watu waliotoa michango, na anayeomba mchango huchagua la kusimulia. Barua haiwi ya uongo kwa sababu hiyo, ila lazima isomwe na mwandikiwa wake mbele ya macho.

Tahadhari ninazozishikilia: usiigize soko la watumwa darasani, hata mkaguzi akisema maigizo yanachangamsha. Usiulize nani ametoka ukoo gani. Mbele yako wamo wajukuu wa waliouzwa na wa waliouza, na wengine ni wa pande zote mbili. Usiruhusu mazungumzo yaishie kwa mapadri na Waingereza tu, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakasahauliwa, maana ndiko walikopelekwa wengi. Tena usiseme utumwa uliisha 1873. Lililofungwa ni soko. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897. Kosa hili nalikuta kwenye daftari kila mwaka, na mara nyingi limetoka kwa mwalimu.

Hatua ya 5: Geuza swali la nani alimfundisha nani

Padri Charles Sacleux aliishi pwani hii akijifunza Kiswahili kwa wenyeji, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapishwa Paris 1939. Darasani kwake walimu walikuwa Waswahili. Wanafunzi wangu hulipenda hili kuliko yote, na mimi pia.

Hatua ya 6: Tembeeni

Ngome Kongwe, kisha Minara Miwili (lilijengwa 1893 hadi 1898), mwisho Mkunazini. Kwa miguu, asubuhi, siyo wakati wa Misa. Andika barua kanisani mapema na nyingine kwa wazazi, ukieleza wazi kuwa ni ziara ya historia. Mzazi asiyetaka mwanawe aingie ndani, heshimu. Minara inaonekana vizuri kutoka barabarani, na mwanafunzi huyo mpe kazi ya kuichora.

Hatua ya 7: Kazi ya nyumbani

Ukurasa mmoja: wewe ni karani wa Sultani Majid, Disemba 1860. Andika taarifa ya wageni waliofika, wameomba nini, na unamshauri nini Sultani. Maksi 20, kumi kati yake kwa sababu za ushauri. Mwenzangu wa Wete alinionesha daftari lililopata 18: karani yule kashauri wageni wapewe nyumba, ila kila mtoto watakayemchukua aandikwe jina lake la nyumbani.