Kuliandaa Gari-Nyumba Jipya kwa Maji na Gesi Ukiwa Tanga

Gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, sinki na mara nyingi choo ndani yake, linapotoka bandarini na kuegeshwa uani kwako Sahare au Raskazone huonekana limekamilika, lakini mfumo wake wa maji na ule wa gesi huwa bado haujawa tayari kutumika. Tangi limekaa kavu kwa miezi, viungo vya mabomba vimetikiswa melini na barabarani, na vifaa vya gesi vimetengenezwa kufuata mitungi ya nchi lilikotoka, si mitungi inayouzwa Ngamiani. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kazi yote ifanyike gari likiwa nyumbani, mchana, milango ikiwa wazi, na ifuate mpangilio mmoja: maji kwanza, gesi baadaye. Hita ya maji ikiwashwa ikiwa tupu huweza kuharibika kabisa, na kuibadilisha ni gharama ambayo hakuna sababu ya kuiingia.

Anza na tangi la maji safi. Fungua mfuniko wake na umulike ndani kwa tochi, kwa maana si ajabu kukuta mabaki ya plastiki yaliyoachwa wakati tangi lilipotobolewa kiwandani. Yatoe kwa kitambaa kisafi, suuza tangi, kisha ufungue koki ya chini maji yote yatoke. Baada ya hapo fungua kichujio kidogo kilicho kabla ya pampu na ukisafishe, kwa kuwa uchafu wa mwanzo hukimbilia hapo na pampu ikahangaika kuvuta.

Kuua vijidudu hutumika jiki ya kawaida isiyo na manukato. Soma lebo ya chupa: ikiwa na klorini ya asilimia 3.5 hivi, mililita 150 zinatosha kwa lita 100 za maji. Ikiwa ya asilimia 5, mililita 100 zinatosha. Jaza tangi, washa pampu, na ufungue kila bomba mpaka harufu ya klorini isikike, kisha uyafunge yote na uache maji yakae kwa muda usiopungua saa nne. Kijitabu cha hita kisomwe kwanza, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hawapendi klorini nyingi ikae ndani ya hita. Penye valvu ya kuyapitisha maji kando ya hita, itumie. Jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya kutolea magadi, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mwishowe mwaga yote na usuuze mara mbili au zaidi, mpaka harufu iishe.

Kuhusu maji yenyewe, sisi wa Tanga tuna bahati. Maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani, linalojazwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, na husafishwa na kutiwa dawa kabla ya kusambazwa. Jaza kwa maji hayo, wala si kwa maji ya kisima cha karibu na bahari, ambayo mara nyingi yana chumvi na huila hita pamoja na viungo vya chuma. Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache yatiririke kwanza mpaka yawe maangavu. Mpira wa kujazia uwe wa maji ya kunywa na usiwe na kazi nyingine. Mpira wa bustani ulioshinda juani huacha ladha ya plastiki isiyotoka upesi. Hata hivyo, maji ya kunywa yaliyokaa tangini yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kama WaterGuard.

Tangi likiwa na maji, fungua mabomba ya maji baridi, washa pampu, na usubiri kila bomba liache kutema hewa. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa maji ya moto. Hapa subira inahitajika zaidi, kwa sababu hita nyingi za magari haya hubeba lita 10 hivi, na lazima zijae kwanza ndipo maji yafike kwenye bomba. Maji ya moto yakitiririka bila kukatika, hita imejaa. Endapo maji yanamwagika chini ya gari badala ya kufika bombani, usikimbilie kumwita fundi bomba. Magari mengi ya Ulaya yana valvu ya usalama inayofunguka yenyewe ili kuikausha hita, baridi inapokaribia kugandisha maji, na gari huweza kufika kwetu valvu hiyo ikiwa bado wazi. Itafute karibu na hita na uifunge kwa mkono.

Sasa funga mabomba yote na usikilize. Pampu ya volti 12 yenye swichi ya mgandamizo inapaswa kunyamaza mara moja na kubaki kimya. Ikinguruma kidogo kila baada ya dakika chache bila mtu kufungua bomba, kuna mahali panapovuja. Pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo, hasa nyuma ya sinki na pembeni mwa pampu. Tone ambalo jicho halilioni huilowesha karatasi papo hapo. Kiungo cha plastiki kikazwe kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko tu, kwa sababu spana hukipasua.

Kabla ya safari, kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 ni kilo 100 juu ya ekseli, na gari ambalo uzito wake unazidi kilo 3,500 linatakiwa kupita kwenye mizani za barabarani. Kwa safari ndefu lita 20 hutosha chai na kunawa njiani. Mengine yajazwe ufikapo.

Upande wa gesi unahitaji umakini mkubwa zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, bali hutanda sakafuni na kusubiri cheche. Ndiyo maana kisanduku cha mtungi kwenye gari lililotengenezwa vizuri hutengwa kabisa na chumba cha kulala, na huwa na tundu sakafuni linalotoa gesi nje. Wapo wanaoziba tundu hilo kuzuia vumbi la barabara ya changarawe au panya. Ukilikuta limezibwa, lizibue, na kama panya wanakusumbua weka wavu wa chuma wenye macho yanayopitisha hewa.

Mitungi inayopatikana kwa urahisi Tanga ni ya kilo 6 na ya kilo 15. Pima kisanduku kabla ya kununua, kwa maana mtungi lazima usimame wima na ufungwe mkanda. Ukiulaza, gesi iliyo katika hali ya kimiminika huingia kwenye mpira badala ya mvuke. Kwa familia ndogo naona mitungi miwili ya kilo 6 ni bora kuliko mmoja wa kilo 15: jiko la kilowati 2 hutumia takribani gramu 150 kwa saa, hivyo mtungi mmoja wa kilo 6 hutoa karibu saa 40 za moto mkubwa, na ukiisha usiku, ule wa pili upo tayari. Dukani, angalia kama lakiri ya valvu haijaguswa, kisha omba mtungi upimwe mbele yako. Juu ya mtungi huandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukisoma kilo 14.2 kwenye mtungi wa kilo 15, mizani inapaswa kuonyesha kilo 29.2.

Kosa la hatari kuliko yote ni la regulata, yaani kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi itokayo mtungini. Regulata iliyokuja na gari mara nyingi haiingii kwenye mtungi wa hapa, na muuzaji mwenye nia njema huweza kukupa yoyote inayoingia. Kuingia pekee hakutoshi. Soma kibandiko kilicho ndani ya kisanduku au kwenye jiko: magari mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni hufanya kazi kwa milibari 30, na regulata mpya lazima itoe mgandamizo huo upande wa kutokea. Katika maduka hayohayo huuzwa regulata za mgandamizo mkubwa kwa ajili ya majiko ya mama lishe na mahoteli. Hizo ni marufuku kwenye gari. Mpira uwe wa gesi, wenye tarehe ya kutengenezwa, mfupi, na ufungwe klipu za chuma kisichoshika kutu, kwa maana upepo wa chumvi wa pwani yetu huzila klipu za kawaida. Kazi ya kufunga aifanye fundi anayeijua gesi, lakini ukaguzi unaofuata uufanye mwenyewe.

Zima simu na taa zote, funga vifaa vyote vinavyotumia gesi, kisha fungua mtungi taratibu. Koroga sabuni ya vyombo katika maji kidogo na uipake kwa brashi kwenye valvu ya mtungi, regulata, ncha zote mbili za mpira na kila kiungo unachoweza kukifikia hadi jikoni. Mvujo mdogo hauchemki kwa kishindo. Hujionyesha kwa kipovu kimoja cha ukubwa wa punje ya mtama kinachokua polepole, kwa hiyo kaa kwenye kila kiungo kwa dakika nzima. Kipovu kikitokea, funga mtungi, kiungo kirekebishwe, na urudie. Kiberiti hakitumiki kutafuta mvujo.

Ukiridhika, washa jiko. Mara ya kwanza mabomba yamejaa hewa, hivyo shikilia kitufe kwa sekunde 15 hivi na urudie ikibidi. Moto uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano na kutia masizi sufuria, ama mgandamizo si sahihi ama kuna buibui au nyigu aliyejenga ndani ya bomba linalopeleka gesi kwenye moto wakati gari limeegeshwa, jambo la kawaida sana huku kwetu. Baada ya jiko washa hita, ambayo sasa ina maji, na mwisho friji, gari likiwa mahali tambarare. Hakikisha tundu la moshi la hita halikuzibwa na pazia la nje wala nguo iliyoanikwa.

King'ora cha gesi kifungwe karibu na sakafu. King'ora cha hewa ya sumu ya moto, ile isiyo na harufu (kaboni monoksaidi), kifungwe kwa maelekezo ya mtengenezaji, karibu na wanapolala watu. Jiko lisitumike kupashia joto chumba, hata usiku wa baridi wa Lushoto. Mtungi ufungwe kila gari linapoondoka na kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Safari ya kwanza iwe fupi. Muheza na kurudi inatosha. Ukirejea, rudia kipimo cha sabuni na cha karatasi, kwa kuwa viungo vingi hulegea katika mtikisiko wa mwanzo. Maji machafu ya sinki yamwage kwenye shimo la maji taka la nyumbani, si mtaroni wala kwenye mikoko, na kama gari litakaa zaidi ya wiki moja katika joto la Tanga, lifungulie tangi la maji safi mpaka likauke.