Kuhamisha kanda za VHS kwenda DVD kwa gharama ndogo, sauti isiachwe nyuma na picha

Shangazi alinikabidhi kanda saba za VHS, mmoja ukiwa wa harusi yake, akasema, "Niwekee kwenye CD, deki haijafa bado." Nikadhani ni kazi ya wikendi moja. Ilinila wiki tatu, na mbili kati ya hizo ziliishia kwenye hatua ya 4. Kama sauti yako tayari inachelewa, ruka huko moja kwa moja.

Unahitaji deki inayofanya kazi, kapcha ya USB (kifaa kinachoingiza picha na sauti ya deki kwenye kompyuta), waya wa AV wa rangi tatu, kompyuta na DVD tupu. Kama una pesa kidogo ya ziada, ipeleke kwenye deki. Watu hununua kapcha ya bei mbaya kisha wanaichomeka kwenye deki yenye hedi (visomeo vya utepe) chafu. VHS yenyewe hubeba undani wa mistari kama 240 tu. Anayekuuzia kapcha ya 4K kwa kazi hii anakuuzia hewa.

Hatua ya 1: Kagua mkanda
Inua kifuniko, tazama utepe. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu. Usiutie kwenye deki, utachafua hedi na kanda zote zitakazofuata. Mkanda usio na ukungu uvunje kile kijino cha plastiki cha nyuma usije ukarekodiwa juu yake, halafu upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo, ili utepe ujifunge upya.

Hatua ya 2: Safisha hedi
Chomoa umeme kwanza. Lowesha kidogo karatasi isiyoacha nyuzi kwa alkoholi ya isopropili, igusishe kwenye ngoma (silinda inayozunguka yenye hedi), kisha zungusha ngoma yenyewe kwa mkono. Usisugue juu na chini, hedi zitavunjika. Pamba za masikio weka mbali kabisa.

Hatua ya 3: Unganisha
Njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Kwenye programu ya kurekodia chagua PAL au NTSC, yaani mfumo wa picha za televisheni, kufuatana na mkanda. Picha ya rangi ikitoka nyeusi na nyeupe, anza kwa kukagua hapo. Sauti iwe 48,000 Hz.

Hatua ya 4: Rekodi, na uangalie midomo
Mara ya kwanza nilirekodi harusi nzima bila kukagua. Mwanzo safi. Kufika kwenye hotuba ya babu, mdomo unafunga ndipo neno linasikika. Nikaisogeza sauti hadi hotuba ikakaa sawa, mwanzo ukaharibika. Nikaibana sauti yote ifupike, katikati ikagoma.

Sababu ni hii. Mkanda wa PAL una fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Utepe uliochoka huyumba, ishara ya picha huyumba nao, na kapcha ikishindwa kuishika fremu huiacha ipite. Sauti haiachi kitu. Zikipotea fremu 25, picha imeitangulia sauti kwa sekunde nzima. Tena hupotea kwa mafungu, pale utepe ulipochakaa, ndiyo maana kuibana sauti yote kwa kipimo kimoja hakusaidii.

Kwa hiyo mimi natumia VirtualDub, si ile programu ndogo inayokuja na kapcha, kwa sababu ina kaunta ya fremu zilizoachwa. Rekodi dakika 20, soma kaunta, kisha cheza dakika ya mwisho.

Sauti ikichelewa kidogokidogo kwa mwendo uleule, pengine umefanya nilichofanya mimi siku mbili: picha kwenye kapcha, sauti kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Hapo kila upande unahesabu kwa saa yake. Ingiza vyote kwenye kapcha.

Ikichelewa kwa kuruka, ni fremu. Chomeka kapcha kwenye kompyuta yenyewe bila kigawanyo cha USB, hifadhi kwenye hadi diski ya ndani badala ya flashi, zima programu nyingine zote. Bado? Basi ni ishara. Mimi niliokolewa na deki ya kurekodia DVD iliyokuwa stoo kwa jirani. Waya wa deki ya VHS unaingia humo, unaotoka unakwenda kwenye kapcha. Hairekodi chochote, picha inapita tu. Baadhi ya mashine hizo hunyoosha ishara kabla ya kuitoa. Si zote, hivyo azima ujaribu kabla hujanunua. Kaunta yangu ilishuka kutoka mamia hadi mbili.

Hatua ya 5: Tengeneza DVD
Programu ya DVDStyler ni ya bure na inatosha. HandBrake naipenda, lakini haitengenezi DVD. Diski ya GB 4.7 inabeba kama saa mbili kwa ubora mzuri. Mkanda wa saa tatu ugawe kwenye diski mbili. Kile kimstari cha chenga chini kabisa ya picha usihangaike nacho, kimo kwenye mkanda tangu siku ya kwanza na televisheni za zamani zilikificha.

Hatua ya 6: Choma
Kwa kasi ndogo. Ijaribu kwenye mashine nyingine, iandikie kwa kalamu ya diski, usibandike stika. Faili la kwanza libaki kwenye hadi diski.

Kanda sita nimezirudisha kwa shangazi pamoja na diski zake. Wa saba una ukungu, uko kwenye mfuko wake peke yake na sijauingiza kwenye deki yoyote.